Filamu Tano kwa Kipimo cha Chai

Kwa Bibi, filamu ya katuni haikusifiwa kwa mdomo. Mdomo ulishapigwa marufuku, na sababu ilikuwepo. Mwaka mmoja Mama na Mjomba, ndugu wa tumbo moja, walinuniana tangu mvua zianze mpaka zilipokatika, kisa na mkasa konokono wa kuchorwa. Mmoja alisema huyo ndiye mhusika bora wa mwaka. Mwenzake alisema konokono yule hata kwenye kabichi zake asingemtaka. Watu wazima hao, wenye kazi zao na dawa zao za presha. Bibi, aliyewazaa wote wawili na kuwajua nje ndani, aliwavumilia weee, mwishowe akatunga sheria.

Sheria yenyewe haikuwa na mambo mengi. Kila mwaka, zikishatangazwa filamu tano za katuni zinazowania ile tuzo kubwa, familia hukutana kwa Bibi Jumamosi mchana, filamu moja kwa Jumamosi moja. Filamu ikianza, kila mjumbe anamiminiwa kikombe cha chai ya maziwa, vyote kwa kimo kimoja. Ikiisha, chai iliyobaki inakusanywa kwenye jagi la Mjomba, ambaye ni mfamasia na jagi lake lina mistari midogo ya kupimia dawa. Filamu iliyobakiza chai nyingi ndiyo bora ya mwaka.

"Mtu akichoshwa anakunywa," Bibi alieleza siku ya kuipitisha sheria. "Akinogewa anasahau. Mengine yote ni kelele zenu."

Basi ikawa hivyo, na amani ikarudi. Baba peke yake hakuwa na kura, kwa kuwa hanywi chai tangu ujana wake, wala hakuna aliyewahi kumwuliza kwa nini. Yeye alikabidhiwa rimoti, akaishika kwa uaminifu mkubwa. Huko kwenye tuzo zenyewe waache wawe na majopo yao na mazulia yao mekundu. Mwaka uliopita filamu iliyoliza dunia nzima ilishika mkia kwa Bibi, kwa sababu Kaka aliomba aongezewe chai katikati ya kilio.

Kitinda aliijua sheria hiyo vizuri, na mwaka huu ilikuwa inamtisha. Alikuwa kitinda mimba wa nyumba, ndiyo maana ya jina lenyewe, na alikuwa na siri. Kati ya zile filamu tano, moja ilikuwa yake.

Si yake peke yake, la hasha. Filamu ya katuni huchorwa na watu wengi kama siafu, kila mmoja na kipande chake: huyu nywele, yule vivuli, mwingine kutwa anachora magoti. Kitinda alichora maji. Kila tone, kila povu, kila dimbwi katika filamu ile lilipita mikononi mwake. Miaka mitatu alikaa kwenye chumba cha studio chenye mapazia mazito, beseni la maji pembeni ya meza, akitumbukiza kidole na kuangalia, akitumbukiza na kuangalia, mpaka wenzake wakaanza kumwuliza kama hajambo.

Nyumbani walidhani bado anachora maboksi ya sabuni. Kazi hiyo alikuwa nayo zamani, na Mama aliipenda kupita kiasi. Boksi lenye mapovu ya Kitinda lilikaa juu ya kabati, na mgeni alionyeshwa boksi kabla hajaonyeshwa pa kukaa. Kitinda alipohamia studio alikosa pa kuanzia. Akawa anasema tu "naenda kazini," na hakuwa anadanganya.

Sasa maji yalikuwa yamemfika shingoni. Studio walitaka awe mkuu wa wachoraji wa maji katika filamu mpya, bahari mwanzo mwisho, na walitaka jibu Jumatatu. Kiwanda cha sabuni nacho kilikuwa kinambembeleza arudi, kwenye meza yenye dirisha. Kitinda hakuwa na uhakika kama anajua kuchora au kama anajua tu kutumbukiza vidole. Wakosoaji walioisifu filamu hawakumsaidia, maana wakosoaji husifu hata vitu vinavyosinzisha. Ila familia yake ilikuwa haijawahi kumwonea mtu huruma. Akaamua kimoyomoyo: vikombe ndivyo vitakavyosema. Wakinywa, anarudi kwenye sabuni. Lilikuwa wazo la kipuuzi, na alijua, lakini lilimshika kama homa na halikutaka kumwachia.

Filamu nne zilikuwa zimeshapimwa. Ya kwanza ilikuwa ya saa ya ukutani, pale stesheni, iliyoipenda treni isiyokuwa na habari nayo. Mama alisonya mara kadhaa na kunywa nusu. Ya pili, mbuzi wawili walikwenda mwezini. Hiyo Bibi alicheka mpaka akajimwagia chai yote mapajani, ukazuka mzozo mkubwa kama chai iliyomwagika imenywewa au imebaki. Mjomba aliamua kwamba imebaki, kwa kuwa haikupita kooni, na akataka gauni likamuliwe kwenye jagi. Bibi alimtazama mara moja tu na hoja ikafa. Ya tatu ilikuwa ya jiwe linaloporomoka mlimani bila neno hata moja, na vikombe vilikauka vyote kabla jiwe halijafika chini. Ya nne ilikuwa ya kiatu cha kulia kinachozunguka mji kikimtafuta mwenzake wa kushoto, na ndiyo iliyokuwa inaongoza. Kiatu kile kilimnyima Kitinda usingizi.

Jumamosi ya tano Kaka alifika na mkewe. Walikuwa wameoana majuzijuzi, na Wifi, mwalimu wa chekechea, bado alikuwa anaingia nyumba ile kwa kunyata, akisalimia mpaka paka.

"Leo chai niachieni mimi," alisema, tayari amekunja mikono ya blauzi.

Hakuna aliyekataa. Bibi alifurahi, Mama akafurahi, na Kitinda, ambaye siku hiyo asingeweza kubeba hata kijiko bila kukigonganisha na kitu, alifurahi kuliko wote. Wifi akaingia jikoni, akapika, akamimina vikombe sita kwa kimo kimoja, akavileta kwenye sinia bila kudondosha tone. Mapazia yakafungwa. Baba akabonyeza rimoti.

Filamu ilianza na mwanamke mfua nguo, uani kwake, asubuhi. Wingu dogo, dogo kabisa, likamponyoka mwenzake angani, likaangukia kwenye beseni lake la kufulia. Maji yakaruka. Kitinda aliyajua matone yale moja moja. Mkono ukajiendea wenyewe kwenye kikombe, akapiga funda.

Chumvi.

Si chumvi ya mkono kuteleza, ni chumvi ya kuhifadhia nyama. Kitinda aliuma meno na kumeza kwa adabu, na papo hapo akaelewa. Bibi, ili kumkomesha Mjomba ambaye tangu utotoni alikuwa mdokozi wa sukari, alihifadhi sukari kwenye kopo lililoandikwa chumvi, na chumvi kwenye kopo lililoandikwa sukari. Nyumba nzima ilijua, Mjomba akiwemo, na makopo yakabaki vilevile kwa mazoea. Wifi pekee hakuambiwa. Masikini ya Mungu, alisoma kopo akaliamini.

Kitinda akageuka kumtazama. Wifi alikuwa ameketi wima, mikono magotini, macho kwenye runinga, kikombe chake hakijaguswa. Hajui, Kitinda aliwaza. Je, na wengine?

Hapo ndipo filamu aliyoichora kwa miaka mitatu ilipompita kushoto. Kitinda aliangalia vikombe tu. Mkono wa Mjomba ulienda kwenye kikombe chake, ukasimama njiani, ukarudi pajani. Ameshaonja huyo, Kitinda akawaza, na hataki tena. Mama alishika sikio la kikombe, akaliachia. Naye ameonja. Bibi alitoa kitambaa akajifuta macho, na Kitinda akajisemea kwamba chumvi imezidi mpaka inaliza wazee. Kaka alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, ananung'unika. Huyo alikuwa na hasira kwa niaba ya mkewe, bila shaka.

Jambo likamdhihirikia lote. Walikuwa wameonja, wakajua, na wote wakaamua kunyamaza ili bibi arusi asiadhirike kwa chai yake ya kwanza. Watu hawa ambao hawajawahi kumhurumia hata mtoto wa kuchorwa, leo wamepata huruma, tena leo. Vikombe vitabaki vimejaa pomoni. Filamu yake itaibuka ya kwanza kwa nguvu ya chumvi, na yeye hatajua maishani mwake kama ilikuwa na thamani ya kikombe kimoja cha haki.

Angesimama aseme? Angesimamisha filamu na kumvua Wifi nguo mbele ya wakwe. Angenyamaza? Jumatatu angejibu nini? Akafikiri, akafikiri, na kwa kihoro kile, bila kujua mkono wake unafanya nini, akawa anakunywa. Funda kwa funda, chai ya chumvi ikateremka yote. Alishtuka kisahani kimebaki na kikombe kitupu na ulimi umekuwa kama kipande cha ngozi.

Filamu ikaisha. Baba, kama kawaida yake, alisimamisha jina la kwanza lilipochomoza, kwa kuwa majina ya mwishoni hayapimwi. Akafungua mapazia. Vikombe vikakusanywa mezani. Mjomba alivaa miwani, akaweka jagi mbele yake, akashusha pumzi.

"Ninavyoona," alisema, "leo jagi halitatosha."

"Subiri, Mjomba," Kitinda alisema. "Usipime. Ya leo haihesabiki."

"Haihesabiki kwa nini?"

Kitinda alimtazama Wifi kwanza, kumwomba radhi kwa macho. "Chai ina chumvi. Makopo ya Bibi hayo, hakuna aliyemwambia Wifi. Nyote mmeonja, mmeacha kunywa, na mmenyamaza kumsitiri. Mmefanya la maana sana. Lakini tusidanganyane jamani, ushindi huu si wa filamu."

Wifi aliziba mdomo kwa mikono miwili. Bibi alimwangalia Kitinda, akaviangalia vikombe, akamrudia Kitinda.

"Chumvi gani?" aliuliza.

"Chumvi, Bibi. Kwenye chai."

"Mimi sijaona chumvi yoyote."

"Hata mimi," alisema Mama.

Kaka alikuwa bado ameikodolea runinga jicho. Aligeuka taratibu kama mtu aliyeamshwa. "Chai? Kwani tuliletewa chai?"

Mjomba aliinama mpaka pua ikakaribia kuzama. Chai ya maziwa ikikaa bila kuguswa hujifunga utando juu, na utando ukivunjwa na mdomo haujifichi. Mfamasia akavikagua vikombe kimoja baada ya kingine, na sauti yake ikawa inapanda.

"Utando huu mzima. Huu nao mzima. Cha Mama mzima. Cha Bibi mzima, mpaka umeanza kujikunja. Hakuna aliyeonja hapa, jamani, hakuna hata aliyepuliza." Akafika cha mwisho, akakiinua, akakipindua. Hakikudondosha kitu. "Hiki ndicho kimekauka. Cha nani hiki?"

Wote waligeuka kwa Kitinda.

"Wewe?" Bibi alisema. "Yule mama anaambiwa amwage beseni, anakataa, analala na mvua ndani ya nyumba yake mwenyewe ili wingu la watu lisife, halafu wewe unakunywa chai?"

"Tena ya chumvi," Mama alidakia. "Mpaka tone la mwisho. Mwanangu, una roho ya namna gani?"

"Mimi ni fundi bomba," Kaka alisema, na sasa alikuwa amesimama kabisa. "Maji nayajua. Katuni zote maji yao ni uji uji, nanyamaza tu kwa heshima yenu. Lakini haya ya leo yalikuwa maji. Uliona yalivyozunguka kabla hayajaingia kwenye tundu? Yalizunguka kama yanavyozunguka. Aliyeyachora aliketi chini akayaangalia, siku nyingi, kwa mapenzi. Nilikuwa nataka kumwonyesha mke wangu, nikashindwa hata kunyanyua kidole. Wewe unakunywa chai."

Kitinda alitaka kujibu, kikatoka kicheko. Akajaribu tena, kikatoka kikubwa zaidi. Akajishika mbavu, akashika meza, machozi yakawa yanamtoka, na kila alipoziona zile sura zilizokunjamana kwa kumwonea uchungu mfua nguo wake, alianza upya.

"Haoni hata aibu," alisema Mjomba.

"Ni mimi," Kitinda alisema hatimaye.

"Tunajua ni wewe, kikombe chako tunakifahamu."

"Niliyeyachora yale maji. Ni mimi, Mjomba. Yote."

"Wewe unachora sabuni," Mama alisema.

"Sabuni niliacha, Mama. Mwaka wa tatu huu."

Aliyesogea alikuwa Baba. Mtu asiye na kura alinyoosha rimoti na kubonyeza, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile majina ya mwishoni yakaanza kupanda. Yalipanda kwa kutwa nzima, ilionekana hivyo: watu wa nywele, watu wa vivuli, watu wa magoti. Kisha likaja neno maji, na chini yake jina moja peke yake, lile la shuleni, ambalo nyumbani hulisikia tu akiwa amevunja kitu. Baba akasimamisha. Mama aliinuka, akaenda mpaka kwenye runinga, akaweka kidole juu ya jina la mwanawe na kukishikilia hapo, kama anazuia lisiteleze likaondoka.

"Hili boksi," alisema bila kugeuka, "mnanisikia? Hili la kabatini litoke leo."

Ndipo Wifi, aliyekuwa bado ameziba mdomo, alipopasuka kicheko. Kikamwambukiza Kaka, kikamwangusha Mjomba kwenye kiti, na Bibi akacheka mpaka akaomba wamshike. Alipotulia alitoa hukumu. Chumvi ni kosa la makopo, na makopo ni yake, hivyo bibi arusi hana deni na mtu. Mjumbe mwenye maslahi hapigi kura, kwa hiyo kikombe cha Kitinda kitolewe kwenye hesabu. Mjomba alieleza kwamba kikombe hicho kilishajitoa chenyewe. Akamimina vitano vilivyobaki, jagi likafurika kama alivyosema, chai ikachuruzika mezani mpaka sakafuni na hakuna aliyejali. Akatangaza kwa sauti ya kuita wagonjwa dirishani: beseni la kwanza, kiatu cha pili, mbuzi wa tatu, saa ya nne, na jiwe, pole yake, lilikuwa bado linaporomoka.

Kitinda akawaambia lililobaki. Bahari, Jumatatu, sabuni, na jinsi alivyokuwa ameiweka kazi yake kwenye vikombe vyao.

Mama alimjia, akamshika mashavu kwa viganja vyote viwili. "Muda wote huo ulikuwa unaangalia vikombe?"

"Ndiyo, Mama."

"Mjinga wewe. Ungetuangalia sisi."

Kitinda aliona ni kweli tupu. Watu anaowaogopa kuliko wote duniani waliitazama kazi yake na kulia, naye akawapa kisogo akahesabu vyombo.

"Rudisha mwanzo," Bibi alimwambia Baba.

"Nipike nyingine?" Wifi aliuliza. "Ya sukari?"

"Ya nini? Kaa chini, mwanangu."

Mapazia yakafungwa tena. Kitinda alinyanyua kiti chake, akakipeleka mbele kabisa, akakigeuza. Akaketi ameipa runinga mgongo, uso kwa uso na familia yake. Nyuma yake mfua nguo akatoka uani, wingu likaponyoka. Hakuhitaji kuliona lilipoanguka. Aliona kidevu cha Mjomba kikishuka, aliona midomo ya Mama ikifunguka kidogo, aliona mkono wa Kaka ukitafuta wa Wifi gizani, na mwanga wa maji yake ukicheza juu ya mapaji yao yote, na furaha ikamjaa mpaka ikamuuma. Jumatatu alishajua atasema nini.

Bibi alinyoosha shingo kushoto, akanyoosha kulia, akakosa pa kupitia.

"Sogea huko, mjukuu wangu," alisema. "Unanizibia maji yangu."